Shokapu Mbili Ndani ya Soksi za Sufu

Črna na Koroškem, 3 Mei 2018

Zala mwanangu,

Natumaini boksi hili litakukuta mzima, mifupa yote mahali pake. Sisi huku hatujambo. Theluji bado imekaa kichwani kwa mlima Peca na haina mpango wa kuondoka. Baba yako ametoka salama na baridi ya mwaka huu, lakini mizinga yake miwili ya nyuki haikutoka, na tangu Pasaka kaka yangu anatembea kama mtu aliyefiwa. Mama yako anasema nikwambie ule vizuri. Nimekwambia.

Sasa kazi. Mwezi wa tatu ulinitumia shokapu mbili za nyuma za baiskeli, za hiyo kampuni yako, zimefanana kama mayai ya kuku mmoja, ukaniuliza nina maoni gani. Mimi sina maoni. Miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye meza ya kuunga shokapu za pikipiki mpaka siku kiwanda kilipofungwa, na huko maoni yalikuwa ya wakubwa. Sisi wa chini tulikuwa na majaribio. Kwa hiyo moja sikuigusa, imebaki walivyoizaa. Nyingine nimeitoa utumbo wote, nikaipanga upya ndani, nikaifunga. Kisha zote mbili nimezivalisha soksi za sufu nilizofuma mwenyewe, moja nyekundu na moja ya kijani, nikazishona juu na chini. Ipi ni ipi tunajua mimi na Mungu, na Mungu usimwandikie.

Taratibu unazijua, lakini nazirudia maana Italia inasahaulisha watu. Njia ni moja, ile ngumu. Unashuka mara tatu kwa kila shokapu, siku hiyo hiyo. Upepo wa matairi usipungue wala kuzidi. Soksi haifunguliwi. Unaandika kabla hujala, maana ukishashiba utasifu kila kitu. Halafu unanirudishia zote mbili, na soksi zake, na karatasi. Usinipigie simu. Kwenye simu mtu anasema linalomjia mdomoni, kwenye karatasi inabidi akae kwanza.

Baba yako kaniambia (si wewe uliyeniambia) kwamba utakuja kushindana kwa baiskeli hapa kwetu Septemba. Kaniambia pia kwamba kampuni inataka ushuke na shokapu yao, na ukiingia kwenye kumi bora watakupa mkataba wa miaka miwili, uwe mwendeshaji wao wa majaribio. Hongera. Sina neno. Ila kabla hujatia sahihi nataka ujue umekalia nini.

Boksi hili atalichukua Gvido wa posta. Anakusalimu. Ameongeza kitambi, na bado anashuka na baiskeli msituni kila Jumamosi kama hana watoto.

Shangazi yako, fundi mkuu wa karakana hii,
Vida


Finale Ligure, 27 Mei 2018

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzima, mifupa yote ipo, nimeihesabu. Huku joto limeshaanza. Asubuhi napandisha wageni mlimani kwa gari, mchana nawafuata nyuma wakishuka, nawaokota vichakani. Juzi bwana mmoja mwenye baiskeli ya bei ya gari aliniuliza breki ya mbele ni ya mkono upi. Mwambie mama nakula. Mwambie baba pole ya nyuki, na asinunue wengine kwa yule jirani aliyemuuzia wale wa mwaka juzi.

Shokapu nimezijaribu kama ulivyoagiza. Njia ni ile yenye ngazi za mawe katikati na kona ya mzeituni chini, niliyokuandikia mwaka jana. Mara tatu na tatu, siku moja, kabla ya chakula.

Ya soksi nyekundu ndiyo bora, sina shaka. Imetulia. Inameza mawe madogo bila kelele, na ukitua kutoka juu haigongi mwisho. Kwenye kona inakushika vizuri. Ukiisukuma inakupa jibu. Inanipa imani, nadhani hilo ndilo neno. Nimeandika kurasa mbili, zimo ndani, utaona kila sehemu ya njia. Ya kijani nayo si mbaya. Ni laini mwanzoni. Wapo watakaoipenda.

Kampuni wanataka jibu langu mwisho wa Agosti. Ni watu wazuri, Shangazi. Wananisalimu kwa jina.

Kwani kalamu umebadilisha? Herufi zako zimekuwa kubwa, zinapanda na kushuka. Nilipoona bahasha nilidhani baba ndiye kaandika.

Mwanao,
Zala


Črna, 9 Juni 2018

Zala,

Hatujambo. Baba yako kapata kundi jipya la nyuki, wamekuja wenyewe kwenye mti wa pea, anaringa kama kawazaa. Hizo ndizo salamu.

Nimefungua boksi. Soksi nyekundu imerudi safi, ningeweza kumvalisha mtoto siku ya ubatizo wake. Ya kijani imerudi imetoboka pande mbili, vumbi la huko limeingia mpaka kwenye nyuzi, na kuna mahali umeishona tena kwa uzi mweusi, vibaya. Nikatazama kile kipete cha mpira kinachoonyesha shokapu imebonyea kiasi gani. Cha nyekundu kimeacha alama chache na kimekaa katikati. Cha kijani kimepanda na kushuka mpaka shina linang'aa. Mara tatu? Hiyo ya kijani umeshuka nayo mara ishirini.

Mtu harudii mara ishirini kitu ambacho "si kibaya". Na mtu haandiki kurasa mbili kukisifu kitu alichokivua baada ya mara tatu.

Mimi nakujua tangu unatambaa chini ya benchi langu na kula grisi. Ulikisia ipi ni yangu, ukanionea huruma, ukaamua kumbembeleza mzee. Zala, kiwandani aliyedanganya kwenye karatasi ya majaribio aliondolewa kwenye njia ya majaribio na kupelekwa kufunga maboksi. Haikujalisha kadanganya kwa wema au kwa ubaya. Kuna mtu angepanda ile pikipiki.

Na neno lako "imani" ulirudishe kanisani. Niambie gurudumu lilifanya nini.

Shokapu sizirudishi. Andika upya. Kalamu ni ile ile, karatasi ndiyo mbovu.

Vida, fundi mkuu


Finale Ligure, 2 Julai 2018

Shikamoo Shangazi, kama bado unaipokea kutoka kwangu.

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Kila jioni nilianza kujibu na kila jioni nikaenda kuosha baiskeli za wageni ambazo zilishaoshwa. Mimi ni mzima. Nafurahi kwa nyuki wa baba.

Mara kumi na tisa. Siyo ishirini.

Ukweli ni huu. Nyekundu ni shokapu nzuri ya watu wengi. Kwenye ngazi za mawe inapiga jiwe la kwanza vizuri, la pili vizuri, la tatu inakuwa haijarudi yote, la nne nyuma inaruka. Si sana, upana wa vidole viwili. Lakini mwili unajua, kwa hiyo unabana breki kabla hata hujafikiri. Miaka miwili nimekuwa nikibana breki pale na nikidhani ni woga wangu.

Ya kijani gurudumu halikutoka chini. Mawe yote saba. Mwanzoni inaachia, laini kabisa, halafu ikifika mahali fulani inakaza, lakini haikazi ghafla, ni kama mtu anayekaa kwenye kochi na chini ya kochi kuna mbao imara. Mara ya nne nilifika kona ya mzeituni nikagundua sijagusa breki tangu juu. Nilisimama. Nilicheka peke yangu, mbuzi wakanitazama. Nikapanda tena kwa miguu, sikungoja gari. Sijawahi kushuka na kitu kama kile, Shangazi, na nimeshuka na shokapu nyingi.

Nilikisia nyekundu ni yako kwa sababu ya rangi ya pikipiki yako ya zamani. Nilidhani hiyo ndiyo utaipa soksi nyekundu. Nilipoona ya kijani imeishinda nilijisikia vibaya mno, nikakaa mezani nikaandika uongo. Nisamehe. Sikukuhurumia kama mzee. Nilikuhurumia kwa sababu nakupenda, na najua wewe upendo huo unauita huruma tu.

Basi kampuni imeshinda. Nitafunga shokapu yao Septemba, hapo nyumbani, mbele yako na mbele ya bonde zima. Nitatia sahihi. Najua utasimama pale kwenye mawe ya njia ya hapo kwetu na hutasema kitu, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko mawe yenyewe.

Kwa kuwa leo ni siku ya ukweli, acha nimalize. Unakumbuka ile Machi, mwaka juzi? Nilikuonyesha mpangilio wangu wa zile washa nyembamba za ndani ya shokapu, zinazoamua mafuta yapite kwa kasi gani, nilikuwa nimeuchora nyuma ya kalenda ya baba ya chama cha wafuga nyuki. Uliutazama, ukacheka mpaka ukakaa chini. Ulisema nimezipanga kama sahani za harusi zilizopangwa na mlevi. Na mimi nilicheka. Wiki tatu baadaye nikaja huku. Watu wakiniuliza kwa nini niliondoka kwetu nawaambia nilifuata bahari. Bahari yenyewe sijaiingia hata mara moja.

Zala


Finale Ligure, 25 Julai 2018

Shikamoo Shangazi,

Natumaini wote ni wazima. Sijapata jibu lako. Nilimuuliza mama kwa simu, akasema upo, unakula, unagomba, basi nikajua hujambo. Baba alichukua simu akasema tu, "Shangazi yako anafanya kazi, usimsumbue," akakata.

Kama umekasirika niandikie kwamba umekasirika. Kampuni wameleta karatasi za mkataba. Nimeziweka chini ya godoro. Mwisho ni tarehe thelathini na moja Agosti.

Zala


Črna, 6 Agosti 2018

Zala mwanangu,

Hatujambo wote. Majani tumeshakata na kuanika, mvua ilitunyeshea mara moja tu. Baba yako kapata asali, si nyingi, chupa moja imo humu imefungwa kwa matambara. Mama yako kaongeza potica, ule mkate wake mtamu wa kokwa za jozi, kaikata vipande ili nisiseme boksi halifungiki. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na kazi, na kwa sababu barua hii niliianza mara nyingi.

La kwanza. Nyekundu ndiyo ya kampuni. Hiyo ambayo sikuigusa. Uliwasifu watu wa kampuni kurasa mbili nzima kwa kunionea huruma mimi! Nilicheka peke yangu karakanani mpaka paka akatoka nje. Soksi ilikuwa nyekundu kwa sababu ndiyo sufu iliyokuwepo kapuni.

La pili. Sasa unashangilia, unasema kumbe ya kijani ni ya Shangazi. Tulia. Si yangu pia.

Sikiliza. Januari nilikuwa natafuta karatasi ya kutandika chini ya jiliwa la kubania vyuma, nikavuta gazeti, ikatoka ile kalenda. Machi, picha ya nyuki, na nyuma yake washa zako kumi na nne ulizozichora kwa penseli. Ile iliyonichekesha ipo pale pale, washa ndogo nyembamba umeichomeka katikati ya mbili nene. Kiwandani ungefanya hivyo ungetolewa nje na wenzio wasikuage. Washa zinapangwa kubwa kwenda ndogo, kama mnara, ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha. Nikasema nitaipanga hii takataka mara moja, nimpelekee shokapu yenyewe aone kosa lake. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, sikufichi.

Nikachukua shokapu mbili za zamani. Moja nikaipanga kwa namna yangu, miaka thelathini na mmoja yote nikaitia humo. Moja nikaipanga kwa mchoro wako. Nikazivalisha soksi, nikamwita Gvido.

Alishuka mara tatu na tatu kutoka msituni juu mpaka mtoni. Akaingia karakanani na theluji masikioni, akasema, "Vida, hii ya pili, hii si ya dunia hii." Nikamwambia umelewa. Akasema, "Nimekunywa moja tu, ya kufukuza baridi." Nikamwambia arudi kesho hajanywa. Akarudi hajanywa, akasema vile vile. Siku ya tatu nikabadilisha soksi bila kumwambia, ya shokapu hii nikaivalisha ile. Akashuka, akarudi kanuna. "Leo umeniharibia ile nzuri," akasema, "nzuri leo ni hii nyingine." Nikampa supu nikamfukuza.

Hilo limekaa kifuani mwangu tangu Februari. Gvido ni mtu mmoja, na mtu mmoja anaweza kukosea siku tatu. Nilitaka wa pili, na nilikutaka wewe, kwa sababu wewe peke yako hukuwa na habari kwamba unajaribu cha kwako. Ulipotuma zile mbili za kampuni nikaona njia. Kitu chako dhidi ya cha kwao, na wewe katikati umefungwa macho. Halafu ukaenda kudanganya! Ungekuwa karibu ningekupiga na soksi zote mbili.

Nilikosea kucheka, Zala. Nimeiandika sentensi hiyo kwenye karatasi nne kabla ya hii. Nilicheka kwa sababu sikuelewa, na mimi nimezoea kuelewa. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili na uliona kitu ambacho meza nzima ya mafundi haikukiona. Najivunia wewe mpaka naona haya. Mama yako kanikuta nimeishika ile kalenda nikafikiri nitazimia kwa aibu.

Desturi yetu unaijua. Fundi hachori alama yake ndani ya shokapu mpaka ipitishwe na mwendeshaji asiyejua nani kaipanga. Mimi nilingoja miaka minne. Ile V na nukta yangu ipo ndani ya shokapu ambazo nyingine zilishakuwa chuma chakavu, na haijaonwa na mtu yeyote ila fundi aliyeifungua. Mpangilio wa hiyo ya kijani umepita kwa watu wawili. Nilipoifunga niliacha mahali pa alama patupu.

Nimeivua soksi, nayo imo humu boksini. Sindano ya kuchorea chuma imo kwenye kile kikopo cha dawa ya viatu, ni ile yangu. Ifungue, chora, ifunge, jaza mafuta na upepo. Usiniambie umechora nini.

Septemba shuka na unachotaka. Sina neno, na safari hii ni kweli sina.

Shangazi yako, fundi mkuu, kwa sasa,
Vida

Habari za herufi zangu usiniulize.


Finale Ligure, 19 Agosti 2018

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, asali imefika nzima, potica imeliwa na mimi na watu wote wa nyumba hii, wanauliza mama anakubali kuolewa na Waitaliano wanne kwa mpigo.

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye ngazi za posta. Nilipofika pale Gvido aliponuna nilicheka kwa sauti. Nilipofika kwenye ile sentensi ya karatasi nne, hutaki nikwambie. Mama mmoja mwenye kikapu alinipa leso yake akaondoka bila kuidai.

Nimechora. Sikwambii nini.

Kisha nikaenda kwa watu wa kampuni. Niliwaambia nitashindana Črna na shokapu yangu. Mkubwa wao akauliza, "Yako ya kampuni gani?" Nikasema, "Yangu." Akarudia polepole, akidhani sijaelewa Kiitaliano. "Ndiyo, lakini nani ameitengeneza?" Nikasema, "Mimi na shangazi yangu." Alinitazama kwa upole sana. Akasema basi mkataba hautakuwepo, hata nikiingia kumi bora, na kwamba anasikitika. Nadhani alisikitika kweli. Mimi nilitoka nje nikiwa na njaa, nikala sahani mbili.

Wale wenye magari ya wageni nimewaahidi kuwamalizia msimu mpaka katikati ya Oktoba, na ahadi nitaitimiza. Septemba nakuja siku tatu tu. Baada ya Oktoba sina kazi wala nyumba, wala siwezi kusema ninajuta.

Sasa jambo moja. Nilipoifungua shokapu nilizitoa washa moja moja, nikaziweka kwenye kitambaa cheupe kama ulivyonifunza. Zina mikwaruzo ukingoni, midogo midogo, zote kumi na nne, na mingine imerudiwa mara nyingi. Ni mikwaruzo ya koleo. Shangazi, hujawahi kushika washa kwa koleo. Ulinichapa mkono siku niliyothubutu, ukasema vidole vya fundi vinasikia kile ambacho macho hayaoni. Halafu nikazitoa barua zako zote nikazipanga kwa tarehe, ya mwaka jana mpaka hii.

Imekuchukua siku ngapi kuzipanga? Ile miezi miwili ya kimya, ulikuwa na majani ya kukata au ulikuwa unashindwa kushika kalamu?

Siulizi kwa huruma. Huruma umenikataza na nimesikia. Naangalia alama zilizoachwa na kazi, kama ulivyoangalia wewe soksi yangu. Nauliza kama fundi anayemuuliza fundi. Unaweza kukaa kimya. Lakini ukijibu, jibu kwa karatasi.

Mwanao,
Zala


Črna, 2 Oktoba 2018

Zala mwanangu,

Natumaini umefika salama na goti limepungua uvimbe. Sisi hatujambo. Asubuhi kuna ukungu mpaka saa nne, Peca imeshaanza kuvaa nyeupe. Baba yako amewafunika nyuki kwa blanketi lake la jeshi, mama yako kamnunia kwa ajili ya blanketi.

Ulipokuwa hapa siku tatu hukuniuliza, nami nilikushukuru moyoni kwa hilo. Uliuliza kwa barua, najibu kwa barua. Lakini kwanza mashindano, maana hukuyaona, ulikuwa ndani yake.

Nilisimama kwenye mawe, pale ulipoogopa nitasimama. Sikutazama. Miaka yote ile kiwandani nilisikiliza, na masikio bado ni yangu. Wanakuja mmoja mmoja, na kila baiskeli inasema. Tak, tak, halafu ile ya tatu inachelewa, nyuma inaruka, breki inalia. Kila mmoja hivyo hivyo, na wa kampuni yako vile vile. Kisha ikaja moja ambayo haikulia. Mawe yalisema, matairi yalisema, lakini breki haikusema neno. Gvido alinishika bega akasema, "Huyo." Nikamwambia nimeshasikia kabla hujamwona. Nilikuwa nalia, ndiyo, na nikamwambia ni baridi, na yeye, tofauti na mimi siku ile aliponitajia baridi yake, akawa na adabu ya kukubali.

Nafasi ya tano, Zala. Kati ya wasichana arobaini na wawili, na wanne waliokutangulia hakuna aliyepangilia chuma chake mwenyewe.

Ulipokuwa umekaa na matope usoni unakula soseji, mwanamume mmoja mwenye koti la kampuni alikuja kuitazama baiskeli yako. Akapiga magoti. Akaniuliza kwa Kijerumani kama anaweza kuifungua ile shokapu, dakika tano tu. Nilimwambia inafunguliwa na aliyeifunga. Akauliza yuko wapi. Nikakuonyesha kwa kidole. Alikutazama muda mrefu, ukiwa na haradali kidevuni, na sijawahi kuwa na raha namna ile tangu nizaliwe.

Sasa jibu. Mikono ilianza kutetemeka majira ya kiangazi ya mwaka jana. Daktari wa Ravne kasema jina lake, ni jina refu, halitaniua lakini haliondoki. Mpangilio wako wa Januari ulinichukua siku tisa. Zamani ningemaliza kabla kahawa haijapoa. Ile ya kijani ya mwezi wa nne, siku kumi na mbili, na washa moja ilidondoka chini ya jiko, nikaitafuta kwa magoti na sumaku. Na barua ya Agosti, ndiyo, nilikuwa nashindwa kushika kalamu. Baba yako alitaka aniandikie. Nilimkatalia, maana kuna sentensi humo isingefaa itoke kwa mkono wa mwingine.

Nimekwambia sasa. Tusiirudie kila siku mezani.

Tangu ile Jumapili zimeletwa shokapu sita. Moja ya msichana wa Mežica, mbili za ndugu kutoka ng'ambo ya mpaka, moja ya Gvido ambaye anasema naye ana haki, na mbili sijui za nani, zimeachwa mlangoni na karatasi. Hawaulizi kama Vida yupo. Wanauliza Zala anarudi lini. Niliwaambia baada ya katikati ya Oktoba, na asiye na subira akanunue dukani.

Nimezifungua zote sita. Kufungua bado naweza. Nimeziosha, nimetandika kitambaa cheupe, nimeziweka kila moja na washa zake pembeni. Benchi kubwa nimelisafisha, jiliwa nimelitia mafuta, na benchi lenyewe nimelisogeza karibu na dirisha kwa sababu wewe unapenda mwanga. Kiti changu nimekiweka kando yake, nitakuwa nasikiliza. Sindano uje nayo, iko kwako, na iendelee kukaa kwako.

Kitu ulichochora sijakiona. Gvido ananishawishi tuifungue ile shokapu uliyoiacha hapa, tuangalie. Nimemwambia itafika zamu yake ya kubadilishwa mafuta, ndipo nitakapojua, kama fundi mwingine yeyote.

Njoo na koti zito.

Shangazi yako, fundi wa pili wa karakana hii,
Vida